Nguvu Isiyo ya Kuazima

Majuzi kiongozi wa kwaya moja aliingia kibandani kwangu hapa mtaa wa Langas, Eldoret, akiwa na jora la kitambaa begani. Alitaka majoho arobaini kabla ya mwisho wa mwezi. Nilishukuru Mungu moyoni, maana majoho arobaini kwangu ni karo ya muhula mzima. Nilipolikunjua jora juu ya meza nikaona rangi yake. Ilikuwa rangi ya chama cha siasa. Akanieleza na maneno ya kudarizi mgongoni: jina la kwaya juu, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mheshimiwa aliyekilipia kitambaa.

Nilimwambia nitashona arobaini kwa rangi nyingine yoyote, bila jina la mtu. Akatoka nje akapiga simu. Aliporudi hakuketi. Alilikunja jora lake, akaniaga kwa heshima, kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Simlaumu kijana yule. Majoho yao ya zamani nimeyatia viraka mimi mwenyewe, nayajua yamechakaa. Ninachotaka kuzungumzia ni kitu alichosema akiwa mlangoni, kwa nia njema kabisa: kwamba kanisa lao linahitaji kuwa na watu wenye nguvu.

Nimeshona kwa miaka thelathini na zaidi. Nguo ya kuazima naitambua mtu akiwa bado barabarani: bega limeshuka, mkono umekunjwa kwa ndani na kushikizwa na pini, na mwenyewe hatembei kwa uhuru kwa kuwa anaogopa kuichafua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ndivyo ninavyoyaona makanisa yetu mengi hapa Uasin Gishu leo. Yamevaa nguvu ya mtu mwingine, na siku yoyote mwenyewe atakuja kuidai.

Nasema haya nikiwa Mkristo, tena wa kanisani si wa pembeni. Na nasema kwa sababu katika mji huu huu wa Eldoret nimeona kwa macho yangu nguvu ya aina nyingine.

Nilizaliwa Burnt Forest mwaka 1974, katika nyumba ya Wakikuyu wenye shamba dogo la viazi na mahindi. Mwaka 1988 nilipata kipaimara. Kanisa letu la Kianglikana, ambalo leo ni ACK, wakati huo liliitwa bado CPK, na askofu alikuwa Alexander Muge. Nakumbuka uzito wa mkono wake kichwani mwangu kuliko maneno yake. Ulikuwa mkono wa mtu aliyewahi kushika bunduki, kwa kuwa Muge kabla ya kusomea uchungaji alikuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. Watoto tulijua habari hiyo na tulimwogopa kidogo. Baba alituambia tusimwogope. Mtu huyu, alisema, ameiona nguvu ya bunduki kwa karibu, na ameiacha.

Kwa vijana wasioijua miaka ile: ilikuwa enzi ya chama kimoja. Mwaka 1988 watu walipiga kura za mchujo kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, tukauita mlolongo, na aliyekuwa na foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi mchana peupe. Wabunge walinyamaza. Magazeti yaliandika kwa tahadhari. Waliosema waziwazi walikuwa wachache, na kati yao walikuwamo watu wa madhabahuni: Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, Timothy Njoya wa PCEA, na huyu wetu wa Eldoret. Muge alikemea unyakuzi wa ardhi na ufisadi. Alikuwa Mnandi, na rais alikuwa Mkalenjin mwenzake. Angenyamaza tu angepata kila kitu ambacho kiongozi wa kwaya yule alikuwa akikitafuta kwa jora la kitambaa.

Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alitangaza hadharani kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Tarehe 14 Muge alikwenda Busia. Alihubiri, umati ukamsikiliza, akaanza safari ya kurudi. Karibu na Kipkaren, kwenye barabara ya Webuye kuja Eldoret, gari lake liligongana na lori la maziwa. Tulisikia kwenye redio ya jirani jioni ile. Mama alikuwa akimenya viazi. Alikiweka kisu chini na hakukishika tena usiku huo. Okondo alijiuzulu. Wengi hapa hadi leo hawajakubali kwamba ile ilikuwa ajali tu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na swali langu lilikuwa la mtoto: kama Mungu alikuwa pamoja naye, mbona amekufa? Nimelibeba swali hilo muda mrefu, na kuna mahali baadaye nitalirudia. Ila hata wakati ule niliona kwamba kuna jambo lisilo la kawaida limetokea. Waziri alikuwa na walinzi, bendera na serikali nzima nyuma yake, na bado alimwogopa mtu mwenye Biblia na gari moja. Tisho ni dalili ya hofu. Asiyeogopa ni yule aliyeingia garini asubuhi akijua alichoambiwa.

Mwaka huo huo wa 1990 Wakatoliki wa Eldoret nao walipata askofu mpya, Cornelius Korir, mwana wa Bomet, akiwa bado hajatimiza miaka arobaini. Sikumjali sana. Sisi tulikuwa CPK na wao walikuwa Wakatoliki, na siku zile ukuta kati yetu ulikuwa mrefu. Hata machafuko ya kikabila ya 1992 yalipoichoma nyumba ya baba Burnt Forest, tulikimbilia kwa watu wa dhehebu letu.

Desemba 2007 nilikuwa nimeolewa, nina watoto watatu, na kibanda changu cha kwanza hapa Langas. Matokeo ya urais yalitangazwa Jumapili jioni, tarehe 30. Kabla ya usiku kuisha moshi ulikuwa umeshapanda upande wa chini wa mtaa. Kesho yake tulitoka na nguo za mwilini, mkoba wa vyeti na sufuria moja ambayo binti yangu alikataa kuiacha. Hatukwenda ACK, kwa sababu njia ya huko ilikuwa imefungwa kwa mawe. Tulifuata watu, na watu walikuwa wakielekea Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu.

Geti lilikuwa wazi. Naomba msomaji akae na sentensi hiyo kidogo. Geti lilikuwa wazi, na aliyeagiza liwe wazi, Askofu Korir, alikuwa Mkalenjin, na tuliokuwa tukiingia wengi wetu tulikuwa Wakikuyu tuliokimbia vijana wa Kikalenjin. Hakuna aliyeuliza kabila wala dhehebu. Tulijaa ndani ya kanisa, kwenye veranda, kwenye nyasi, hadi tukafika watu wapatao elfu kumi. Watoto walilala chini ya mabenchi. Akina mama walijifungua. Vyoo vilijaa siku ya pili, maji yakawa ya kugawana kwa kikombe, na mvua ya usiku haikuwa na huruma. Sikusikia mahubiri marefu siku zile. Nilimwona askofu akitembea kati ya watu amevaa sweta, akiulizia maziwa ya watoto, akiulizia malori ya unga.

Ilimgharimu. Watu wa jamii yake walimwona msaliti anayelisha maadui, na baadhi yetu aliotulisha tulimshuku pia, tukinong'ona kwamba ni mmoja wao. Nilinong'ona na mimi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jioni ya tarehe 1 Januari 2008 ndipo tulipopata habari za Kiambaa. Watu, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamejificha katika kanisa dogo la Kenya Assemblies of God, nje kidogo ya mji. Vijana walilizingira, wakaliwasha moto kwa magodoro na petroli. Walikufa watu wapatao thelathini na watano. Mama aliyekuwa kando yangu kwenye nyasi alikuwa na dada huko Kiambaa. Hakulia. Alinyoosha leso yake, akaikunja, akainyoosha tena, mpaka alfajiri.

Hapa ndipo mahubiri ya nguvu ya siku hizi yananishinda. Ukutani kwenye Barabara ya Uganda kumebandikwa mabango: usiku wa nguvu, wiki ya upako wa utajiri, mafuta ya kufungua milango. Mwaka 2009, nikiwa sina cherehani wala nyumba, nilikwenda kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo, nikaambiwa nipande mbegu ya shilingi elfu tatu ili nivune. Nilikopa nikapanda. Mhubiri alisema aliye na imani hapatwi na mabaya. Nikamkumbuka mama mwenye leso. Waliokuwa ndani ya kanisa la Kiambaa walikuwa wakiomba, na waliomba kwa imani kuliko mimi siku yoyote ya maisha yangu. Mafundisho yoyote ya nguvu ambayo hayawezi kusemwa mbele ya makaburi yale ni ya uongo, na anayeyauza anapaswa kuona haya.

Basi nguvu ya imani ni ipi? Sina shahada ya teolojia. Nina Biblia ya baba, ambayo ilipona kwa sababu ilikuwa mkobani. Nilipoisoma upya baada ya mwaka ule, nilikwama pale Yesu aliposimama mbele ya Pilato. Pilato anajisifu kwamba ana mamlaka ya kumwachilia na ya kumsulubisha. Na ni kweli, alikuwa nayo. Ndani ya saa chache aliyatumia. Lakini soma uone ni nani anayehangaika katika habari ile: anatoka nje, anaingia ndani, anaogopa umati, anaogopa Kaisari, anaomba maji anawe mikono. Aliyefungwa kamba ndiye aliyetulia. Usiku uliotangulia alikuwa amechukua beseni na kitambaa akawaosha wanafunzi miguu, pamoja na yule aliyejua atamuuza.

Hiyo ndiyo nguvu niliyoiona kwenye geti la Moyo Mtakatifu. Ni nguvu ya mtu ambaye hakuna anachoweza kunyang'anywa na wenye nguvu, kwa sababu alikwisha kukitoa. Swali langu la utotoni juu ya Muge halijapata jibu la kuniridhisha, na la Kiambaa sitarajii kulipata upande huu wa kaburi. Nilichojua ni kwamba imani haikuwaahidi watu hawa kutokufa. Iliwapa uwezo wa kufanya lililo haki wakiwa wanaogopa, na kuendelea kulifanya makofi yalipokoma.

Kuendelea huko ndiko watu hawasimulii. Kamera ziliondoka baada ya Kofi Annan kuwapatanisha wakubwa mwishoni mwa Februari. Sisi tulihamishiwa uwanja wa maonyesho, kwenye mahema. Ndipo Korir na watu wake wakaanza kazi ambayo baadaye aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 2009, Amani Mashinani. Hakuanza na mkutano mkubwa wa jukwaa na vipaza sauti. Alianza na watu wachache wa upande mmoja peke yao, waseme uchungu wao wote bila adui kusikiliza. Kisha wachache wa upande wa pili, vilevile. Wakishatapika nyongo ndipo wanaletwa pamoja, kikundi kidogo kwa kikundi kidogo, na mara nyingi mambo huvunjika, na wanarudi mwanzo. Mwisho wanapewa kazi ya pamoja: barabara, josho la ng'ombe, shule ambayo watoto wa pande zote mbili watasoma. Korir aliwahi kuitumia njia hiyo Bonde la Kerio kati ya Wapokot na Wamarakwet kabla sisi hatujaihitaji.

Mama yangu aliitwa kwenye kikao kimoja Burnt Forest, nami nikaenda kumshika mkono. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, sita kwa sita, kwenye viti vya plastiki chini ya mti. Chai ilipoa bila mtu kuinywa. Kwa karibu saa nzima hakuna aliyesema ila salamu. Halafu mama mmoja wa Kikalenjin, mkubwa kwa umri, akasema kwamba mwanawe alikuwa kati ya waliochoma nyumba upande wetu, kwamba yeye alimwona akitoka na kiberiti na hakumzuia, na kwamba tangu siku hiyo hawezi kutengeneza maziwa ya mursik, mikono inatetemeka. Hakuomba msamaha. Alisema tu. Mama yangu akanyanyuka. Niliogopa, kwa kuwa namjua mama yangu. Akachukua kikombe cha yule mwanamke, akamwaga chai baridi kwenye nyasi, akammiminia nyingine ya moto.

Na miezi michache baadaye, niliporudi Langas kutazama kilichobaki, jirani yangu Mnandi aliniita nyumbani kwake. Chini ya kitanda, ndani ya gunia la mahindi, alikuwa amekificha kichwa cha cherehani yangu. Aliingia kibandani usiku ule ule wa moto akakifungua kwa bisibisi huku vijana wakiwa mtaa wa pili. Wangemkuta wangemchoma naye. Nilimuuliza kwa nini alifanya hivyo. Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu, akasema walifundishwa kanisani kwamba jirani ni jirani. Ndicho kichwa ninachoshonea hadi leo.

Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, siku nne baada ya uchaguzi wa marudio, nchi ikiwa imekunja ngumi tena. Nilikwenda kumuaga nikiwa na leso ya ACK kichwani. Nilisimama foleni na Wakikuyu, Wanandi, Waluhya, Wapokot na Wamarakwet, na sikumwona aliyekuwa pale kwa kulipwa nauli. Alizikwa ndani ya kanisa lile lile tulilolala. Nawauliza wanasiasa wetu, bila ubaya: ni nani kati yenu atakayepata foleni hiyo siku asiyokuwa tena na kitu cha kugawa?

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto, mwana wa hapa, aliukabidhi mji wetu hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Nilifurahi kama kila mtu, nikashona hata gauni jipya. Lakini siku iliyotangulia ilikuwa imetimia miaka thelathini na minne tangu kifo cha Muge, na nilipita mitaani nikiwaza ni vijana wangapi kati ya wale waliokuwa wakiimba wanalijua jina lake.

Kuna dalili njema, sitazificha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa wanasiasa wahutubie ndani ya makanisa yetu ya ACK. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe pesa ambazo Rais na gavana walikuwa wametoa katika parokia ya Soweto. Nilisoma habari ile mara mbili kibandani. Na kuna gharama mpya: Mei 2025 Padri Allois Bett wa Jimbo la Eldoret alipigwa risasi akafa huko Tot, Bonde la Kerio, akitoka kuadhimisha Misa. Wapo bado wanaolipa.

Lakini hapa mtaani harambee za Jumapili zinaendelea. Bahasha inaingia, mheshimiwa anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na mchungaji anakaa kimya juu ya ardhi, juu ya vijana waliotoweka, juu ya bei ya mbolea. Akitaka kusema, atasema vipi akiwa amesimama chini ya mabati yaliyonunuliwa na mheshimiwa yule yule? Najua majengo yanahitaji pesa. Kanisa langu lina madirisha matatu bila vioo na nimejitolea kuuza mandazi kuyatengeneza, itachukua mwaka. Tutakaa na baridi mwaka huo, na mchungaji wetu atasema anachopaswa kusema.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Nawaomba maaskofu, wachungaji na mapadri wa Eldoret, wa kila dhehebu, msingoje moshi. Vikao vya chini ya mti vianze sasa, wanawake sita kwa sita, Langas, Munyaka, Huruma, Burnt Forest, Turbo. Bahasha zirudisheni. Na majoho ya kwaya yoyote itakayonitafuta kwa kazi hiyo nitayashona bila faida, kwa rangi yoyote isiyo ya chama, mgongoni pakiwa patupu.